Mlango wa Dari

Seema, mtu wa hospitali, alifika Jumatatu saa nne asubuhi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akatoa kipimajoto kwenye mfuko wa koti. Kazi yake ilikuwa kukagua nyumba za wazee waliolazwa na kuona kama zinafaa kuwapokea tena. Sebuleni alisimama dakika mbili, akaandika digrii kumi na tisa. Jikoni aliandika ishirini, kwa kuwa Célestine, mwenyeji wake, alikuwa ameinjika maharage tangu alfajiri. Walipopanda ngazi Célestine alitangulia, akauvuta mlango wa bafu, mgeni asije akaiona kuvu iliyokuwa imerudi juu ya dirisha siku tatu baada ya kusuguliwa.

"Mama mkwe wako analala wapi?" Seema aliuliza.

"Hapa, ngazi zinapoishia."

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Kitanda kimetandikwa blanketi tatu, na rozari imetundikwa kwenye msumari. Kipimajoto kilisema kumi na mbili. Seema hakuandika mara moja. Alitoka tena nje ya chumba, akatazama juu, akainua kiganja. Darini palikuwa na mlango wa mraba, ubao mmoja uliopindika upande wa kushoto na kufungwa kwa kufuli la shaba. Kati ya ubao na fremu palikuwa na upenyo wa kupitisha kidole. Upepo ulishuka pale ukachezesha nywele za Seema kwenye paji la uso.

"Huko juu kuna nini?"

"Vitu vya mwenye nyumba. Ufunguo anao yeye."

"Mmemwambia kuhusu baridi hii?"

"Tangu Novemba. Mara tatu."

Seema aliandika, safari hii kwa muda mrefu. Kisha alisema kwa sauti ya upole, ya mtu aliyezoea kusema maneno ya namna hiyo, kwamba mapafu ya Bi Agathe hayajapona, na hawezi kutia saini arudishwe kwenye chumba cha digrii kumi na mbili. Atakuja tena Ijumaa. Chumba kikifika kumi na nane, mama atarudi nyumbani. Kisipofika, hospitali imepata nafasi kwenye nyumba ya kulelea wazee huko Kent, karibu na bahari. Kwa muda tu.

Célestine alikuwa amefanya kazi miaka sita kwenye nyumba ya wazee Croydon. Alijua hiyo "kwa muda tu" ina urefu gani. Pale kazini palikuwa na mzee wa Kisomali aliyeletwa kwa wiki mbili, na hakuna aliyejua lugha yake. Mwezi wake wa nne pale, watoto wake walipompigia simu, alikaa ameishika tu sikioni, asijibu. Agathe alijua Kiswahili na Kifuliiru, lugha ya kwao Kongo. Kiingereza chake kilikuwa maneno matatu, na moja kati ya hayo lilikuwa *sorry*.

"Ni mahali pazuri," Seema alisema, kwa kuwa aliuona uso wake. "Wana bustani."

"Bustani zao nazijua," Célestine alijibu.

*

Adolphe, mumewe, alirudi saa tisa kutoka depo ya mabasi alikokuwa akifanya usafi. Alisikiliza habari yote akiwa bado amevaa koti, kisha akaketi.

"Nitampigia Mzee Kanti," alisema.

"Piga sasa. Mbele yangu."

Akampigia mwenye nyumba. Célestine alisimama karibu naye akisikiliza. Adolphe alimwamkia mzee, akamuuliza habari za mguu, akamuuliza habari za watoto, akasema kuna shida kidogo ya baridi, akasema si haraka sana, akashukuru, akakata.

"Anasema atatuma mtu mwezi ujao. Anasema pia tufungue madirisha, tusianike nguo ndani."

"Ijumaa hukuitaja."

"Angeona tunamsukuma."

"Ado, uliongea kama mtu anayemwomba jirani chumvi. Ni mama yako."

Adolphe hakupenda kusikia hivyo. Wakati wenye nyumba wote wa Thornton Heath, kusini mwa London, walipotaka mdhamini mwenye mshahara mkubwa, Kanti peke yake aliwapa ufunguo bila mdhamini, na Adolphe alikuwa amelibeba deni la wema ule miaka mitano. Hakuwahi kulalamika hata boila ya kupashia nyumba joto ilipokaa siku tisa bila kufanya kazi. Novemba, walipoeleza habari ya kuvu kwa mara ya pili, Kanti aliwatumia karatasi yenye picha, inayoeleza namna ya kufungua dirisha: mkono, komeo, mshale. Adolphe aliikunja akaiweka kwenye droo. Célestine aliiona mle siku ya pili yake, akaichana.

"Alituambia siku ya kwanza dari si yetu," Adolphe alisema. "Nyumba tumepanga, dari hatukupanga."

"Baridi yake tumepanga?"

Adolphe aliinuka. Alienda kunawa mikono, na alipotoka bafuni Célestine alikuwa anabadilishana zamu ya kesho na mwenzake kwa simu.

*

Kutoka Thornton Heath hadi Wembley ni treni moja ya juu na mbili za chini ya ardhi. Célestine alifika kwa Kanti saa nane na nusu, akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Mlango ulifunguliwa na Shilpa, mke wa mtoto wa Kanti, simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega.

"Afadhali umefika," Shilpa alisema kwa Kiingereza. "Walisema saa saba. Viatu acha hapo. Yuko chumba cha nyuma, ameteleza kitandani tena na mimi siwezi kumwinua."

"Mimi siye..." Célestine alianza, lakini Shilpa alikuwa ameshageuka, anaendelea na simu yake. Alikuwa amemwona mwanamke mweusi mlangoni saa za mhudumu wa mzee kuja kutoka ajensi, basi akamaliza hesabu.

Célestine alivua viatu. Chumba cha nyuma kilikuwa na joto jingi. Mzee Kanti alikuwa amelala kwa upande, kichwa kimeacha mito, mguu wenye bandeji unaning'inia ukingoni mwa kitanda. Angeweza kumwambia pale pale yeye ni nani, na alitaka kumwambia. Lakini mguu ule ulikuwa unaning'inia vibaya, na miaka sita ya kazi ilimtangulia. Alipitisha mkono chini ya magoti, mwingine chini ya mabega, akamwambia kwa Kiswahili, "Shika hapa, mzee. Moja, mbili." Akampandisha.

Kanti alivuta pumzi. Kisha akamtazama.

"Wewe hapana mtu ya ajensi."

"Hapana. Mimi Célestine, mpangaji wako wa Thornton Heath. Mke wa Adolphe."

Kiswahili cha Kanti kilitoka dukani kwa baba yake, Kisumu. Kwa Kiingereza alikuwa mtu wa adabu aliyeomba radhi hata kwa kukohoa. Kwa Kiswahili alikuwa amejifunza kuamuru tu, kwani wakati ule hakuhitaji zaidi. Mwenyewe hakulijua hilo. Célestine alilijua tangu siku ya kwanza aliyoambiwa na mzee huyu, "Lete karatasi, andika jina."

"Nimekuja kuomba ufunguo wa dari," alisema. Akaeleza: hospitali, digrii kumi na mbili, Ijumaa, Kent. Alieleza polepole, bila kulia.

"Dari hapana fungua," Kanti alisema. "Mimi nilisema mbele. Ile vitu ya mke yangu alikufa. Ya Usha. Nguo yake yote. Picha yote. Mimi napata mguu, mimi nakuja mwenyewe."

"Mguu wako utapona lini?"

Kanti alitazama bandeji.

"Mzee, vitu vya marehemu sivitaki. Nataka kuziba mlango. Mama yetu hawezi kungoja mguu."

"Mtu ingine iko jambo yake. Mimi iko yangu."

Célestine alisimama. Alikuwa amejipanga kuomba mara ya pili na ya tatu, kwenye treni alikuwa ameyapanga hata maneno. Sasa aliona hayatafaa kitu.

"Basi nisikie," alisema. "Kesho saa nne asubuhi tutalikata kufuli. Nimekuja kukuambia kwanza, usije ukasema tumevunja kama wezi. Hatutagusa sanduku hata moja."

"Wewe kata, wewe toka kwa nyumba yangu."

"Nimesikia, mzee."

Alimsogezea glasi ya maji mahali mkono wake ungefika, akatoka. Mlangoni, Shilpa alikuwa anamfungulia mhudumu wa kweli, msichana mwenye fulana ya ajensi, na alipomwona Célestine akivaa viatu uso wake ulibadilika rangi. Alianza kusema jambo. Célestine alimwambia mguu wa mzee usiachwe kuning'inia, uwekewe mto chini, kisha akaenda zake kituoni.

*

Adolphe alipoambiwa neno la kutoka, aliutazama mkono wake mwenyewe juu ya meza. Célestine alidhani ataanza kumlaumu. Hakumlaumu.

"Kama ni kufukuzwa," alisema hatimaye, "tufukuzwe mama akiwa ndani."

Akavaa koti, akaenda kwa Balwinder, Kalasinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi barabarani. Balwinder alimsikiliza, akataka vipimo, akamrudisha nyumbani kuvichukua, na aliporudi navyo alimtandazia vitu kauntani kimoja baada ya kingine: bodi ya sponji ngumu yenye karatasi ya fedha, gundi isiyoyeyusha sponji, utepe wa mpira wenye uwazi ndani, komeo mbili za kubana, na bomba la dawa ya kuzibia nyufa.

"Watu wanaweka sufi ya kuzuia baridi dari nzima halafu wanausahau mlango," Balwinder alisema. "Ni kama kuvaa koti bila vifungo. Komeo ndiyo muhimu. Mpira usipobanwa haufanyi kazi yoyote."

Jumatano saa nne kasorobo, Adolphe alikuwa juu ya ngazi ya kukunja, msumeno wa chuma mkononi, kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Mitesh, mtoto wa Kanti, amevaa suti ya kazini, na mkononi ana ufunguo.

"Baba ameniambia nije niangalie msiguse vitu," alisema. Halafu, bila kumtazama Célestine, aliongeza, "Mke wangu anasema samahani kwa jana."

Hakutaka chai. Alipanda ngazi, akasimama chini ya mlango wa dari, na Célestine akaona upepo umempata, kwa kuwa alijifunga kifungo cha koti. Adolphe alimpisha. Mitesh alifungua kufuli, akausukuma ubao juu, akapanda na soksi, taa ya simu mbele yake.

Kwanza walisikia hatua zake. Kisha hawakusikia kitu.

"Uko sawa huko?" Adolphe aliuliza.

Mitesh aliteremsha sanduku la bati, Adolphe akalipokea akiwa kwenye ngazi, kichwa kikichungulia darini. Kifuniko kilikuwa kimelowa. Ndani yake sari zilikuwa zimeshikamana kama kurasa za kitabu kilichotumbukia majini, na juu yake, kutoka kona hadi kona, kuvu nyeusi. Albamu ya picha ilifunguka mahali pamoja tu. Kulikuwa na masanduku mengine kumi na moja ya karatasi, na la juu lilipasuka mikononi mwa Mitesh alipolinyanyua.

Akashuka, mikono imejaa uchafu. "Mnapika sana humu," alisema. "Mvuke wenu ndio umefanya hivi."

Célestine alifungua mdomo, lakini Adolphe alimtangulia. Miaka mitano hakuwahi kumwinulia sauti mtu yeyote wa nyumba ile, na hata sasa hakuinua. Aliongea Kiingereza chake cha depo, neno kwa neno.

"Kila mtu anapika, bwana Mitesh. Kila mtu anaoga. Mlango huu haufungi. Hewa ya moto inapanda hapa, inafika kwenye mbao za paa zenye baridi, inakuwa maji, yanadondokea vitu hivi. Usiku na mchana. Tazama sufi: yote imekunjwa pembeni, juu ya chumba cha mama yangu hakuna hata kipande. Sisi tunalipa gesi inayoozesha nguo za mama yako, na chini yake mama yangu anaugua mapafu. Tulisema Novemba. Mlituletea picha ya dirisha."

Mitesh aliketi kwenye kidato cha juu kabisa cha ngazi. Alikaa pale na suti yake, akijifuta vidole kwa kitambaa cha mfukoni, kimoja baada ya kingine.

"Sufi niliikunja mimi," alisema baadaye. "Wiki ya mazishi. Baba alitaka vitu vyote viondoke machoni pake siku ile ile, na nafasi haikutosha. Kufuli pia nilitia mimi. Ubao haukukaa sawa tangu siku hiyo, nililiona hilo." Alikikunja kitambaa. "Nawaomba msimwambie. Nitamwambia nimevihamishia kwangu."

Adolphe alimsaidia kuteremsha masanduku hadi kwenye gari, na gari likaondoka.

Baada ya hapo ilibaki kazi. Adolphe alipanda darini kwa mara ya kwanza tangu wapange nyumba ile. Akaikunjua sufi, kavu aliitandaza, iliyolowa akaitia kwenye mifuko, na pengo lililobaki juu ya chumba cha mama akalijaza kwa roli mpya ya sufi aliyoifuata kwa Balwinder. Célestine aliulaza ubao wa mlango kwenye meza ya jikoni na kuusugua. Upande uliopindika Adolphe aliuranda hadi ukakaa sawa. Walipaka gundi mgongoni mwa ubao, wakabandika bodi ya sponji juu yake, wakaiwekea vitabu na sufuria mbili za maji kuikandamiza. Gundi ilipokuwa ikikauka Adolphe alibandika mpira kuzunguka fremu, akaminya dawa ya bomba kwenye nyufa zote kati ya fremu na dari. Mwisho alifunga komeo mbili mahali palipokuwa na kufuli.

Saa kumi na moja jioni waliurudisha mlango. Komeo ya kwanza iliingia. Ya pili ilikataa, Adolphe akaisogeza nusu sentimita na kuikaza tena, ikaingia kwa kuubana ule mpira. Célestine aliwasha kiberiti, akakipitisha chini ya fremu pande zote nne. Moto ulisimama wima.

"Tuazime hita ya umeme ya jirani," Adolphe alisema. "Tuiweke chumbani usiku wa Alhamisi, ili Ijumaa tuwe na hakika."

"Hapana. Mama ataishi humo kila siku, si Ijumaa tu."

*

Ijumaa Seema aliweka kipimajoto kwenye kabati la Agathe. Kumi na saba na nusu.

Célestine alishika ukingo wa kitanda. Adolphe, aliyekuwa amesimama nje ya mlango, aligeuza uso ukutani.

"Mlango wa chumba umekuwa wazi tangu niingie," Seema alisema. "Hebu tuufunge, tushuke chini. Hamkunikaribisha chai?"

Walikunywa chai. Hakuna aliyekumbuka baadaye walizungumza nini. Walipopanda tena ilikuwa kumi na nane nukta mbili, na Seema aliandika tarakimu, akatia saini hapo hapo, karatasi ameiegemeza ukutani.

Agathe aliletwa Jumamosi mchana na gari la hospitali. Alikuwa amepungua. Alipanda ngazi akipumzika kila baada ya vidato vitatu, na alipofika juu alisimama chini ya mlango wa dari, akavuta kitambaa cha kichwa nyuma.

"Upepo umekwenda wapi?" aliuliza.

"Ado ameuziba, mama."

Agathe aliitikia kwa kichwa, akaingia kulala.

Jumapili baada ya misa, Kanti alipiga simu. Célestine aliiona namba, akatoka nayo jikoni hadi juu, akaketi kwenye kiti kando ya kitanda cha Agathe. Alidhani ni habari ya kutoka.

"Mama Célestine," Kanti alisema. "Mitesh nasema vitu yote iko sawa, iko kwa yeye. Mimi nasema lete sari moja nione. Yeye nasema kesho. Kila siku kesho. Wewe uliona kwa macho. Sema mimi."

Célestine hakuwa amemwahidi Mitesh kitu. Hata hivyo alikaa kidogo na simu. Kazini alikuwa ameona wazee wengi wakidanganywa kwa nia njema, na alikuwa ameona jinsi wanavyojua.

"Vimeharibika, mzee," alisema. "Maji na kuvu. Nguo zote, na picha karibu zote. Pole sana."

Upande wa pili Kanti alikohoa.

"Sanduku ya bati pia?"

"Hata la bati."

Kilio cha mzee kikasikika hadi kitandani. Agathe, aliyekuwa macho, alinyoosha mkono.

"Ni nani huyo analia?"

"Mwenye nyumba, mama. Vitu vya marehemu mke wake vimeoza kule juu."

"Nipe."

Célestine alisita, kisha akampa. Agathe aliishika simu kwa mikono miwili.

"Jambo, mzee. Mimi mama ya Adolphe. Niko nasikia unalia." Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Mimi nilikimbia vita Uvira na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Bwana yangu alikuwa amezikwa siku nne. Nguo zake zilibaki kwenye kamba nje. Sikubeba hata shati."

Célestine hakusikia Kanti alijibu nini. Aliona tu Agathe akisikiliza, akiguna kwa kukubali.

"Ndiyo," Agathe alisema. "Sura yake bado ninayo. Sauti ndiyo iliondoka kwanza." Akasikiliza. "Alikuwa mfupi. Wa kwako je?"

Walizungumza hivyo karibu nusu saa. Mara mbili Célestine alimsikia mama mkwe akisema "pole," na mara moja akacheka, kicheko kilichoishia kikohozi. Mwishoni Agathe alimrudishia simu, Kanti akiwa bado yuko upande wa pili.

"Anauliza mlango umefungwa na nini," alisema. "Mimi sijui mambo hayo. Mweleze."

Célestine aliichukua. Akamweleza Kanti habari ya sponji na mpira na komeo mbili, na kwamba kinachohitajika ni viangaliwe mara moja kwa mwaka, kabla ya baridi.

"Risiti iko?" Kanti aliuliza.

"Iko, mzee."

"Tuma. Mimi nalipa."

Habari ya kutoka hakuitaja, na Célestine hakumkumbusha. Alikata simu, akamfunika mama mkwe blanketi. Agathe alilisukuma chini hadi kiunoni, akageukia ukutani, akalala.